Swali Zuri la Utafiti Huwaje? Mifano Kutoka Busia na Tororo

Utangulizi

Kila mwaka wanafunzi wetu wanapoanza kuandaa mapendekezo ya utafiti, sisi walimu hupokea vichwa vinavyofanana sana. "Athari za Lugha ya Mama katika Kujifunza Kiswahili: Uchunguzi wa Busia." "Changamoto za Ufundishaji wa Kiswahili Wilayani Tororo." "Mchango wa Biashara katika Kukuza Kiswahili Mpakani." Vichwa hivi vina sura ya kitaaluma na hupendeza kwenye jalada. Hata hivyo, msomaji akifuta jina la Busia na kuandika Mbarara au Garissa mahali pake, ataona kuwa hakuna neno jingine linalohitaji kubadilishwa. Hiyo ni dalili kwamba mtafiti amepata mada na mahali pa kwenda, lakini bado hajapata swali.

Katika makala haya tunakusudia kueleza sifa za swali zuri la utafiti na jinsi ya kulipata kutokana na mada pana. Mifano yetu mingi tumeichota Busia na Tororo kwa sababu mbili. Kwanza, eneo hilo la mpaka wa Uganda na Kenya hukimbiliwa na wanafunzi wengi wa isimujamii na wa mbinu za kufundisha lugha. Pili, kuna jambo kubwa linaloendelea huko kwa sasa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza nchini Uganda mwaka 2020 ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha kutumika kwa Kiswahili kama lugha rasmi na kufundishwa kwake kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari.

Walimu wanaotakiwa kuyatekeleza hayo wanahitaji majibu. Waanze na sarufi ipi? Wafanye nini na Kiswahili cha sokoni ambacho mwanafunzi huja nacho darasani? Mwanafunzi wa Tororo na yule wa Busia wana haja zinazofanana? Tasnifu inayomalizika kwa kusema kuwa lugha ya mama ina athari, na kuwa serikali iongeze vitabu, haiwasaidii walimu hawa hata kidogo. Majibu hayo yalijulikana kabla mtafiti hajapanda basi.

Mada, tatizo na swali

Ni vyema tuanze kwa kutofautisha mambo matatu ambayo huchanganywa mara kwa mara.

Mada ni eneo tunalotaka kulizungumzia. "Kiswahili mpakani Busia" ni mada. Mtu anaweza kuandika kitabu kizima kuihusu na bado asiwe amejibu chochote, kwa kuwa hakuulizwa chochote.

Tatizo la utafiti ni jambo lisiloeleweka, au mambo mawili ambayo kwa akili ya kawaida hayapatani. Tuseme mwalimu wa kidato cha kwanza huko Busia, upande wa Uganda, amegundua kuwa mwanafunzi mmoja huuza nyanya kwa Kiswahili jioni nzima bila kukwama, lakini akipewa insha ya ukurasa mmoja kwa lugha hiyohiyo anashindwa kufika nusu. Hapo kuna tatizo. Mwanafunzi anajua na papo hapo hajui.

Swali la utafiti ni sentensi ya kuuliza ambayo jibu lake, likipatikana, litapunguza giza la tatizo hilo. Kwa mfano: "Ni miundo ipi ya Kiswahili cha sokoni Busia ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza huihamishia katika insha yake, na ni ipi ambayo huiacha?" Tazama kwamba swali hili linaonyesha moja kwa moja data itakayohitajika: mazungumzo ya sokoni yaliyorekodiwa na insha za wanafunzi walewale. Swali zuri hubeba njia yake. Ukilisoma na bado hujui uende wapi asubuhi ya kwanza, au umsikilize nani, swali hilo halijaiva.

Kuna pia mchanganyiko wa aina nyingine. Wanafunzi wengi hudhani swali la utafiti ndilo litakaloandikwa kwenye hojaji. Hukutana na mtoto wa miaka kumi na minne na kumwuliza, "Je, lugha yako ya kwanza inaathiri Kiswahili chako?" Mtoto huyo hawezi kujua. Atajibu ndiyo kwa heshima, au hapana kwa kujitetea, na majibu yote mawili hayana thamani. Swali la utafiti mtafiti hujiuliza mwenyewe. Maswali ya hojaji na ya mahojiano ni vyombo vya kukusanyia mambo ambayo yakiunganishwa yatalijibu. Mganga hamwulizi mgonjwa, "Je, una malaria?" Humwuliza kama amepata homa, ilianza lini na kama alitetemeka, halafu humpima damu.

Mahali pafanye kazi katika swali

Sifa tunayotaka kuisisitiza kuliko nyingine zote ni hii: mahali palipotajwa katika swali pawe na kazi. Pasiwe anwani tu ya mahali mtafiti anapolala wakati wa kukusanya data.

Hebu tuliangalie eneo lenyewe. Hadi mwaka 1902, nchi yote inayozunguka Busia ya leo ilikuwa chini ya utawala wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso walijikuta wamegawanywa. Hadi leo kuna Wasamia upande wa Funyula na Sio Port nchini Kenya, na kuna Wasamia upande wa Lumino na Majanji nchini Uganda. Kuna Wateso upande wa Amagoro nchini Kenya na Wateso wa wilaya ya Tororo nchini Uganda. Mji wa Busia wenyewe umekatwa na mpaka, na jina moja linatumika pande zote mbili. Wilaya ya Busia ya Uganda ilikuwa sehemu ya Tororo hadi ilipotengwa mwaka 1997.

Sasa tuangalie shule. Nchini Kenya, Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani katika shule za msingi na za sekondari tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na Katiba ya 2010 ikakifanya lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Nchini Uganda mambo yalikwenda kwa kusitasita. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Waraka wa Serikali kuhusu elimu wa mwaka 1992 ulipendekeza kifundishwe. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulibaki wa masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Mtoto aliyemaliza shule ya msingi Lumino hakuhitaji kujibu hata swali moja la Kiswahili. Binamu yake wa Funyula, anayezungumza Kisamia kilekile nyumbani, alikifanyia mtihani.

Hapa ndipo thamani ya mpaka ilipo. Katika sehemu nyingi, mtafiti anayetaka kutenganisha athari za lugha ya nyumbani na athari za shule hupata taabu, kwani mambo hayo mawili huenda pamoja. Busia imeyatenganisha. Lugha ya nyumbani ni moja, sera za shule ni mbili. Swali linalotumia jambo hilo haliwezi kuhamishiwa Mbarara. Swali lisilolitumia linaweza kuulizwa popote, na kwa hiyo hakukuwa na haja ya kulipa nauli ya kwenda mpakani.

Kutoka kichwa kikubwa hadi swali: mfano mmoja

Tuchukue kichwa kile maarufu cha athari za lugha ya mama na tukichonge hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kukigeuza kiwe swali la kweli. "Je, lugha ya mama inaathiri kujifunza Kiswahili Busia na Tororo?" Kasoro yake huonekana mara moja: hakuna anayetarajia jibu la hapana. Swali ambalo jibu lake ni moja tu ni kauli iliyovikwa alama ya kuuliza.

Hatua ya pili ni kuchagua kipengele kimoja cha lugha. "Kujifunza Kiswahili" kuna matamshi, msamiati, sarufi, uandishi na mengine mengi. Mtaka yote hukosa yote. Sisi tuchague upatanisho wa kisarufi, yaani namna nomino inavyoamua viambishi vya vivumishi, vionyeshi na vitenzi. Tumeuchagua kwa kuwa ndio unaowasumbua walimu wengi, na kwa kuwa makosa yake yanahesabika.

Hatua ya tatu ni kuzitazama hizo lugha za mama zenyewe badala ya kuziweka zote katika kapu moja. Kisamia ni lugha ya Kibantu na kina ngeli za nomino kama Kiswahili. Kiteso ni lugha ya Kinailoti cha Mashariki. Hakina ngeli za Kibantu, lakini kina jinsia ya kisarufi, kwani nomino zake hubeba viambishi awali vya kiume, vya kike na vya aina ya tatu. Kijopadhola, ambacho wenyewe hukiita Dhopadhola, ni jamaa ya Kiluo. Hakina ngeli za namna hiyo wala jinsia ya kisarufi. Katika wilaya moja ya Tororo na jirani yake Busia tumepata lugha tatu zenye mifumo mitatu tofauti. Kama kweli lugha ya mama ndiyo inayoleta makosa ya upatanisho, watoto wa lugha hizi tatu hawawezi kukosea kwa namna moja.

Hatua ya nne ni kutafuta maelezo mengine yanayoshindana na lile tunalolipenda. Huku bara, nchini Uganda na Kenya pia, kuna Kiswahili cha mitaani ambacho hupunguza upatanisho na kupeleka nomino nyingi katika ngeli ya I-/ZI-. Tunasikia "kitu hii", "vitabu yangu", "maneno ingine". Msamia husema hivyo na Mteso pia. Hata mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili chenyewe husema hivyo katika miji mingi. Basi inawezekana kuwa mwanafunzi hakosei kwa sababu ya lugha ya mama. Anaandika kwa usahihi kabisa lugha nyingine, ile aliyoisikia sokoni. Maelezo ya tatu ni shule: labda tofauti yote inatokana na miaka ambayo mwanafunzi amefundishwa.

Hatua ya tano ni kuyaweka maelezo hayo yote ndani ya swali moja:

"Je, makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za wanafunzi wa kidato cha kwanza wilayani Busia na Tororo hutofautiana kulingana na lugha ya kwanza (Kisamia, Kiteso, Kijopadhola), au huelekea ngeli ya I-/ZI- kwa wote? Na je, Wasamia na Wateso waliosoma Kenya hutofautiana na wenzao wa lugha hizohizo waliosoma Uganda?"

Ni swali refu, lakini kila sehemu ina kazi. Faida yake kubwa ni kuwa kila jibu linalowezekana lina maana kwa mwalimu:

1. Wasamia wakikosea kwa uchache, na Wateso na Wajopadhola wakakosea zaidi na kila kundi kwa namna yake, lugha ya kwanza ina uzito. Mwalimu wa Tororo atahitaji mazoezi tofauti na ya mwenzake wa Busia.

2. Makundi yote yakielekea "kitu hii" na "vitabu yangu", chanzo ni Kiswahili cha sokoni. Mwalimu aanzie hapo: aandike ubaoni sentensi ya sokoni na ya darasani bega kwa bega, na awafundishe wanafunzi wapi kila moja inafaa. Kuwasuta kuwa wameharibiwa na lugha ya mama kutakuwa ni kuwaonea bure.

3. Msamia wa Uganda akifanana na Mteso wa Uganda kuliko anavyofanana na Msamia wa Kenya, basi kinachoamua ni shule. Hapo hoja ya vipindi, vitabu na mafunzo ya walimu itakuwa na ushahidi nyuma yake.

Msomaji atagundua kuwa tumewaacha Wajopadhola nje ya sehemu ya pili ya swali. Sababu ni kuwa wao wako hasa upande wa Uganda, na hivyo ulinganishi wa pande mbili hauwezekani kwao kama kwa Wasamia na Wateso. Swali zuri hutambua mipaka ya data yake. Vilevile ni lazima kumwuliza kila mwanafunzi alisomea wapi kila darasa, kwani kuna watoto wanaolala upande mmoja wa mpaka na kusoma upande wa pili. Anayehesabu makazi badala ya shule atakusanya data nzuri na kupata jibu potofu.

Maneno ya swali yapimike

Sifa nyingine ya swali zuri ni kwamba kila neno zito ndani yake linaweza kuonekana, kusikika au kuhesabika. Maneno kama "mtazamo", "umilisi", "mchango" na "changamoto" ni mepesi kuyaandika na mazito kuyapima.

Chukua neno "kujua". Uchunguzi mkubwa wa lugha nchini Uganda uliochapishwa mwaka 1972 na Ladefoged na wenzake uliripoti kuwa takriban asilimia 39 ya watu waliweza kuzungumza Luganda, asilimia 35 Kiswahili na asilimia 21 Kiingereza. Takwimu hizo zimenukuliwa tangu wakati huo katika mijadala ya lugha ya taifa, na wapo waliozitumia kuonyesha kuwa Kiswahili si kigeni kama inavyodhaniwa. Mtafiti mwangalifu huuliza kwanza: kuzungumza kwa kiasi gani, na kuhusu nini? Mtu anayeweza kuuliza bei na kutaja njia anaweza kusema kwa haki kuwa anazungumza Kiswahili. Mtu huyohuyo akipelekwa mahakamani atahitaji mkalimani. Takwimu hizo ni jibu la swali lililoulizwa. Hazijibu swali ambalo halikuulizwa.

Uchunguzi huohuo ulionyesha kuwa wanaume waliokijua Kiswahili walikuwa wengi zaidi kuliko wanawake. Kwa enzi hizo sababu zinakisika: jeshi, polisi, reli na kazi za kuajiriwa zilikuwa za wanaume, na humo ndimo Kiswahili kilimokuwa. Lakini leo sehemu kubwa ya wanaovuka mpaka wa Busia na Malaba kwa biashara ndogondogo ni wanawake. Je, pengo hilo limebaki, limefungwa au limegeuka miongoni mwa wafanyabiashara wa soko moja? Hapa mwanafunzi wa uzamili ana swali linaloweza kujibiwa, lenye historia nyuma yake na lisilo na jibu la mfukoni.

Au tuchukue neno "mchango", kama katika "mchango wa kituo cha mpakani katika kukuza Kiswahili". Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa na marais wa nchi hizi mbili mwezi Februari 2018. Maofisa wa Kenya na wa Uganda sasa hukaa katika jengo moja, na msafiri huhudumiwa na pande zote mbili bila kusimama mara mbili. "Mchango" hauonekani dirishani. Kinachoonekana na kusikika ni hiki: nani anaanza kuzungumza, kwa lugha ipi, na nani anabadili lugha kwanza? Swali likiwa "Katika mazungumzo ya ofisa na mfanyabiashara ndogondogo, ni nani hubadili lugha kwanza, na hubadili jambo gani linapotokea?" mtafiti ataweza kuhesabu. Anaweza kukuta kuwa ofisa huhamia Kiingereza fomu inapotokea, au kuwa mfanyabiashara huhamia Kiswahili bei ya ushuru inapotajwa. Anaweza pia kukuta hakuna mpangilio wowote, na hilo nalo ni jibu.

Swali dogo si swali duni

Kuna wanafunzi wanaoogopa swali dogo wakidhani litaonekana la kitoto mbele ya jopo. Tungependa kuwatoa hofu kwa mfano wa neno moja.

Inaelezwa mara nyingi kuwa neno "bodaboda" lilizaliwa katika mpaka huu, kutokana na waendesha baiskeli waliobeba abiria kati ya kituo cha upande mmoja na cha upande wa pili na kuita kwa neno la Kiingereza la mpaka. Mwanafunzi akiuliza tu neno limetoka wapi, atasimuliwa hadithi hiyo na kila mtu atakayemwuliza, na tasnifu itakwisha ukurasa wa nne.

Lakini neno hilohilo lina jambo la kisarufi ambalo halijatulia. Bodaboda ni chombo, na bodaboda ni mtu anayekiendesha. Husikika "bodaboda imeharibika" na "bodaboda amefika". Je, katika wingi ni "bodaboda wamegoma" au "bodaboda zimegoma"? Na inapotajwa ajali, ambapo chombo na mtu wameanguka pamoja, msemaji huchagua upatanisho upi? Je, mwanafunzi wa Uganda aliyekutana na neno hilo ndani ya Luganda, ambamo nalo linatumika, huchagua sawa na mwanafunzi wa Kenya? Swali hili linahitaji karatasi, kalamu, sentensi ishirini za kujaza nafasi na wanafunzi sitini pande zote mbili. Jibu lake litamfaa mwandishi wa kamusi, mwandishi wa kitabu cha kiada na mwalimu anayefundisha ngeli ya A-/WA-. Udogo wake ndio unaoliwezesha kujibiwa vizuri.

Nauli, vibali na watu wenyewe

Swali linaweza kuwa zuri kwenye karatasi na likashindikana barabarani. Anayevuka mpaka kwa ajili ya data anaingia katika mamlaka ya nchi mbili. Vibali vya utafiti nchini Uganda huhusu Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST), na nchini Kenya Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI). Kuna ada, kuna kusubiri, na kuna ruhusa za shule na za wazazi. Mwenye miezi minne tu ya kukamilisha tasnifu ajiulize mapema kama swali lake linalazimu pande zote mbili. Likiwa halilazimu, afanye upande mmoja vizuri.

Ni muhimu pia kuwafikiria watu watakaoulizwa. Mpakani kuna njia za panya, na neno "magendo" lina historia ndefu na chungu nchini Uganda tangu miaka ya 1970. Mfanyabiashara akiona mgeni mwenye kinasa sauti anayeuliza anavuka wapi na mzigo gani, ataona mtoza ushuru na si mwanaisimu. Atanyamaza au atatunga. Kwa hiyo swali linalohitaji mtu akiri jambo la hatari ili lijibiwe ni swali baya, hata likiwa na mvuto. Mara nyingi lipo jingine jirani yake linaloweza kujibiwa bila kumtia mtu mashakani: badala ya kuuliza anavusha nini, sikiliza anavyohesabu, anavyopatana bei na anavyomwita mteja asiyemjua.

Vipimo vitano

Kwa kuyafupisha tuliyoyaeleza, tunapendekeza kila mwanafunzi alipime swali lake kwa vipimo hivi kabla hajalileta kwa msimamizi:

1. Je, jibu linaweza kuwa kinyume cha ninavyotarajia? Kama haliwezi, hiyo ni kauli.

2. Je, nikibadilisha jina la mahali, swali linabaki vilevile? Kama linabaki, mahali hapo hapana kazi.

3. Je, kila neno zito linaweza kuonekana, kusikika au kuhesabika? Kama haliwezi, tafuta linaloweza.

4. Je, ninaweza kupata data kwa muda, nauli na vibali nilivyo navyo, bila kumdhuru mtu?

5. Je, jibu likipatikana, kuna mtu atakayefanya jambo kwa namna tofauti? Mtaje: mwalimu, mwandishi wa vitabu, mkalimani, mtunga mitihani. "Jamii kwa jumla" si mtu.

Kwa walimu wasimamizi tuna pendekezo la ziada. Kabla mwanafunzi hajaenda uwandani, mwambieni aandike aya mbili za matokeo ya kubuni: moja ikionyesha kuwa dhana yake ni sahihi, nyingine ikionyesha kuwa si sahihi, na chini ya kila moja aandike mwalimu wa darasani atafanya nini. Zoezi hili huchukua saa moja. Mwanafunzi akishindwa kuandika aya ya pili, swali lake bado ni mada. Akiziandika zote mbili na mapendekezo ya chini yakawa yaleyale, basi utafiti wake hautabadili chochote, na ni heri kulijua hilo sasa kuliko siku ya kutetea tasnifu.

Hitimisho

Kwa muda mrefu kumekuwa na imani mbili zinazopingana kuhusu Kiswahili katika mpaka huu. Wapo wanaosema watu wa mpakani wanakijua tayari, hivyo hawahitaji kufundishwa sana. Wapo wanaosema Waganda hawakipendi, hivyo juhudi zote ni bure. Tafiti nyingi za wanafunzi huanza na mojawapo ya imani hizo na kurudi nayo bila mkwaruzo, kwa kuwa maswali yao hayakuipa nafasi ya kushindwa. Wakati huohuo mwalimu aliyepewa kidato cha kwanza chenye Wasamia, Wateso na Wajopadhola anaingia darasani na chaki moja na kitabu kimoja, akijaribu kubahatisha.

Mwalimu huyo ndiye tunayepaswa kumweka mbele yetu tunapoandika alama ya kuuliza. Wanafunzi wanaoandaa mapendekezo muhula huu wanakaribishwa kuleta maswali yao idarani yakiwa yameandikwa katika sentensi moja au mbili, pamoja na zile aya mbili za matokeo ya kubuni. Walimu wa shule za Busia, Malaba na Tororo nao tunawaomba watuandikie yale wanayoyaona darasani na wasiyoyaelewa, kwani huko ndiko maswali mengi mazuri yanakoanzia.